Masaka, Jinja, Mubende au Bombo? Barabara nne za kutoka Kampala kwa siku moja, uchague ipi

Mwisho wa mwezi ukifika mabishano ni yale yale. Mafuta mmechangishana, gari lipo, alafu mmoja anataka ikweta apige picha, mwingine anataka kuona Naili inapoanzia, shangazi amesikia habari za mti wa Nakayima na hataki kusikia kingine, na mtoto analia faru. Mnabishana mpaka Ijumaa usiku na Jumamosi mnaishia kulala nyumbani au kurudi pale pale mlipoenda mwaka jana.

Mimi nimezunguka hizi barabara sana, nazipenda kweli, na wageni wa kutoka Mombasa na Kisumu wakija nyumbani wananiuliza mimi. Nachowaambia kila mara ni hiki: msichague kivutio, chagueni barabara. Manake kivutio chenyewe mara nyingi ni nusu saa, kikizidi sana saa moja na nusu, na siku nzima iliyobaki mko njiani, mnakula njiani, mnakwama kwenye jam na mnasimama sehemu ambazo hamkupanga. Ukichagua kwa umaarufu wa picha moja utafika, utapiga hiyo picha, utajiuliza sasa tufanye nini. Ukichagua barabara nzima, hata kile kituo kikubwa kikiwa kimefungwa siku yenu haijaharibika.

Nimeanzia Kampala kwa sababu ndipo wengi wetu tulipo. Wa Tororo mna mwamba wenu, wa Kumi mna michoro ya kale ya Nyero kwenye mapango, huko kunahitaji ulinganisho wake peke yake na sitaki kuwapunja kwa mistari miwili.

Navyopima

Cha kwanza ni muda, sio kilomita. Kilomita 80 za Jinja na kilomita 75 za ikweta ukiziangalia kwenye simu zinafanana, lakini siku ya safari inaamuliwa na ile saa ya kwanza ya kutoka Kampala na ile ya mwisho ya kurudi. Cha pili ni vituo vyenyewe, viko vingapi kwenye njia moja, vina uzito gani, na je kuna mtu pale wa kukueleza, sababu shimo bila maelezo ni shimo tu. Cha tatu chakula cha njiani. Cha nne pesa na usafiri, kama unaweza kwenda na taksi za abiria na boda au lazima uwe na gari. Cha tano miiko, usalama, na hali ya wazee na watoto mlionao. Alafu naweka inamfaa nani.

Bei za viingilio siziweki, zinabadilika, na sehemu nyingi Mganda, mtu wa Afrika Mashariki na mgeni wa mbali hawalipi sawa. Kwa hiyo bebeni vitambulisho vya taifa wote, hata yule anayesema yeye hatoki kwenye gari.

BARABARA YA MASAKA

Njia na muda. Mnatoka Busega, Kyengera, Nsangi, Mpigi, Buwama, mpaka Kayabwe penye ikweta, kama kilomita 75 hivi. Mkiendelea mpaka Masaka mjini ni kama 130. Hapo Kyengera ndipo safari inapoamuliwa, ukipita kabla ya saa moja asubuhi umeshinda, ukichelewa utakaa. Na kuna ujenzi wa barabara mpya ya Busega hadi Mpigi ambao umeendelea kwa miaka, siku nyingine vumbi, siku nyingine mchepuko. Jumapili jioni kurudi ndio kugumu zaidi, watu wote waliokwenda kijijini, kwenye maziko na kwanjula (sherehe za kutambulisha wachumba) wanaingia mji pamoja.

Vituo. Hapa ndipo barabara hii inapozishinda nyingine kwa wingi. Mapema kabisa upande wa Nsangi kuna Katereke, handaki ambalo Kabaka Kalema alilitumia kama gereza zama za vita vya dini vya 1888 na 1889, akawafungia humo ndugu zake wa ukoo wa kifalme, wale ambao wangeweza kumpokonya kiti, na wengi waliuawa. Ni pakimya, pana miti, wasafiri wengi hupita bila kujua kwamba pako. Ukiwa na mtoto wa sekondari anayesoma historia ya Buganda mpeleke pale kwanza kabla ya ikweta, atakumbuka.

Karibu na Mpigi kuna Mpambire, mafundi wa ngoma wako kando ya barabara kabisa, ngoma ndogo za watoto mpaka kubwa za kuchukua watu wawili kubeba, na wengi wamerithi kazi kwa baba na babu. Simama hata kama hununui. Waombe wakuonyeshe jinsi ngozi ya ng'ombe inavyolowekwa na kuvutwa ikakaza, alafu wapige uisikie sauti. Ukinunua, nunua pale, pesa inaenda mkononi mwa fundi.

Ikweta sasa. Kuna ile duara nyeupe ya kila upande wa barabara, mnasimama mguu mmoja kaskazini mguu mmoja kusini, maduka ya vinyago na nguo yamejipanga, na wapo vijana wenye mabeseni wanaokuonyesha maji yakizunguka upande huu kaskazini na upande ule kusini na kushuka moja kwa moja katikati. Watoto wanalipenda hilo sana na mimi sioni ubaya kuwalipa wale vijana kwa kazi yao. Ila mwambie mtoto ukweli mkirudi kwenye gari: kweli dunia ikizunguka inapinda upepo na dhoruba kubwa, lakini kwenye beseni nguvu hiyo ni ndogo mno, na hatua chache kutoka kwenye mstari ndio haipo kabisa, maji yanafuata yalivyomiminwa. Jambo la ikweta ambalo ni la kweli na zuri kuliko hilo ni jua. Nendeni tarehe 20 au 21 Machi, au 22 au 23 Septemba, kama saa saba mchana, jua linasimama utosini na kivuli chako kinaingia chini ya miguu yako. Hilo hulipii mtu.

Mbele yake kuna mto Katonga, kinamasi cha Lwera na mji wa Lukaya. Kwa sisi wasemaji wa Kiswahili hapa pana uzito wake. Machi 1979, tarehe 10 na 11, jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana hapa na jeshi la Idi Amin lililokuwa limeongezewa nguvu na wanajeshi wa Libya, vikawa vita vikubwa vya kuamua nani anashika njia ya Kampala, na Aprili 11 Kampala ikaanguka. Watu wazima wa Lukaya na Masaka wanayo kumbukumbu ya siku hizo, wengine watakusimulia ukikaa nao kwa adabu na soda.

Kula. Lukaya. Nyama choma, kuku wa kijiti, gonja (ndizi tamu) ya kuchoma, na njiani kuna wauza samaki. Ni sehemu ya kushuka na kula, sio ya kununua dirishani tu.

Pesa na usafiri. Bila gari inawezekana vizuri, taksi za Masaka zinapita ikweta, unashuka, unapanda nyingine. Katereke ndio utahitaji boda.

Angalieni. Lwera ina ajali nyingi, barabara imenyooka na madereva wanasahau, usiendeshe pale usiku kama huna lazima. Na mvua kubwa ikinyesha uliza kwanza hali ya Katonga, Mei 2023 mafuriko yaliikata barabara pale na magari yakazunguka mbali kupitia Sembabule.

Inamfaa nani. Familia yenye watoto wa shule ya msingi, wageni wa mara ya kwanza, na mtu anayetaka kusimama mara nyingi kwa muda mfupi mfupi.

BARABARA YA JINJA

Njia na muda. Kama kilomita 80. Jam linaanza Nakawa, Kireka, Bweyogerere, Mukono, na likiisha yanakuja malori ya miwa upande wa Lugazi ambayo kuyapita kunahitaji subira. Kuna siku za kuikwepa kabisa, Juni 3 na siku zinazoitangulia, mahujaji wa Namugongo wanafurika na sehemu ya barabara hufungwa. Ila kama nia yenu ni hija yenyewe basi hiyo ndio siku.

Vituo. Namugongo yenyewe iko upande wa Kyaliwajjala, mashahidi wengi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, walichomwa moto pale Juni 3, 1886, na leo Wakatoliki na Waanglikana kila upande una eneo lake. Siku ya kawaida pametulia, unaweza kutembea taratibu na kusoma.

Mbele ya Mukono mnakata kulia kwenda maporomoko ya Ssezibwa. Sio maporomoko makubwa, aliyeona Murchison asije akitegemea hiyo. Ni mahali pa mila, simulizi ya Baganda inasema mama mjamzito alijifungua mto hapo, kwa hiyo wapo watu wanaokuja kuomba na kuweka sadaka kwenye miamba na mapango. Nimeona watu wakifika pale wanaongea kwa sauti na muziki wa gari mpaka mwisho, jamani, mtu mwingine yuko kwenye maombi yake. Zimeni.

Alafu Mabira. Barabara inapita katikati ya msitu na ghafla hewa inabadilika, vioo vinashushwa. Huu msitu uko hapa sababu watu waliupigania, 2007 kulikuwa na maandamano Kampala kupinga mpango wa kukata sehemu yake kupanda miwa, na watu walikufa. Ukiwa umesimama chini ya ile miti na mashamba ya miwa unayaona yamefika mpaka ukingoni, unaelewa walichokuwa wanakitetea.

Jinja ndio mzigo mkubwa wa siku. Upande wa mashariki wa mto, Jinja mjini, ndio kuna bustani za chanzo cha Naili na boti za kukupeleka pale maji ya ziwa yanapoanza kuwa mto. Pale pia kuna sanamu ya Gandhi, sehemu ya majivu yake ilimwagwa kwenye Naili 1948, na wageni kutoka India wanakuja kwa ajili hiyo tu. Upande wa magharibi, Njeru, ndio kuna mnara wa Speke, msafiri Mwingereza aliyekuwa akitafuta chanzo cha Naili, pale alipofika Julai 28, 1862. Kumbukumbu inabeba jina lake peke yake lakini kwenye msafara wake alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, mkalimani na kiongozi wa njia, na wapagazi na walinzi kutoka pwani na Zanzibar waliokuwa wakiongea Kiswahili hiki hiki, na wenyeji wa pande zote mbili za mto walikuwa wakivua hapo vizazi na vizazi. Mimi kila nikipeleka watoto pale nawatajia Bombay kwa jina.

Yale maporomoko aliyoyaona Speke leo huyaoni. Yalizama baada ya bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth 1954. Mnafika kwenye chanzo cha Naili mnakuta maji yametulia, kwa hiyo mweleze mgeni mapema asije akatafuta maji yanayoruka. Kinachovutia macho sasa ni daraja jipya la nyaya, mita 525, lilizinduliwa Oktoba 2018, usiku linawaka taa. Msisimame juu yake kupiga picha, walinzi wapo na hawana mchezo.

Na tembeeni Jinja mjini kwa miguu. Majengo ya zamani ya wafanyabiashara wa Kihindi, roshani na nguzo, majina na miaka imechongwa juu ya milango. Wenyewe walifukuzwa 1972 kwa kupewa siku 90, baadaye wengine wakarudi. Ukitembea mtaa mkuu ukiangalia juu badala ya kuangalia maduka unaisoma historia yote hiyo ukutani.

Kula. Namawojjolo na Najjembe. Ukipunguza mwendo tu wauzaji wameshafika dirishani na kuku, maini, gonja, muhogo, maji baridi. Uliza bei kabla hujashika kijiti, chagua kinachotoka motoni. Kama hampendi kununua dirishani, Jinja kuna samaki na roleksi nzuri (chapati iliyoviringishwa na mayai) kila kona.

Pesa na usafiri. Ndio rahisi kwa taksi, zinajaa haraka na ziko mpaka usiku. Kinachokula pesa ni boti na viingilio vya Jinja, mkiwa wengi elewaneni bei ya boti nzima, sio ya kichwa kimoja kimoja, na vaeni maboya, msione haya.

Angalieni. Kuvuka mara mbili, upande wa Speke na upande wa mjini, kunakula muda. Kama mmetoka saa tatu asubuhi chagueni upande mmoja.

Inamfaa nani. Wapendanao, wageni wa nje, kundi la mchanganyiko wa umri, na mzee asiyeweza kupanda vilima.

BARABARA YA MITYANA NA MUBENDE

Njia na muda. Mnatokea Busega hapo hapo lakini mnakata kulia. Mityana kama kilomita 70, Mubende kama 150. Ni ndefu, lakini jam ni kidogo ukishatoka pembeni ya mji, na macho yanapumzika, mashamba ya chai upande wa Mityana, vilima, ng'ombe.

Vituo. Viko vichache na vina uzito. Mityana ndipo alipouawa Noa Mawaggali, mmoja wa mashahidi, Mei 31, 1886, kwa hiyo aliyeshaijua Namugongo anapata upande mwingine wa habari ile ile. Ziwa Wamala liko karibu, limebeba jina la mfalme wa Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi ya huku.

Alafu Ttanda, na hapa nitakaa kidogo. Kila mtoto wa Buganda amesikia habari za Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi kutoka mbinguni, Ggulu baba yake Nambi aliwaambia ondokeni haraka msirudi nyuma, Nambi akarudi kuchukua ulezi wa kuku, kaka yake Walumbe, yaani Kifo, akamfuata mpaka duniani na kuanza kuua watoto wao. Ggulu akamtuma Kayikuzi, kaka yao mwingine, aje amkamate Walumbe amrudishe mbinguni. Walumbe akakimbia akichimba ardhi, anaingia hapa anatokea kule, Kayikuzi anamfuata. Watu waliambiwa wanyamaze kimya, asipige mtu kelele akimwona. Watoto wakamwona wakapiga kelele, Walumbe akazama tena, Kayikuzi akachoka akaenda zake, na Kifo kikabaki na sisi. Yale mashimo ya mbio hizo ndio yako Ttanda, mengi, marefu kwenda chini, yametawanyika kwenye vichaka. Umesikia hadithi hii tangu utoto, leo unasimama ukingoni mwa shimo na mwenyeji anakuonyesha Walumbe alipozamia. Sijui mahali pengine karibu na Kampala panapokupa hilo.

Mubende, juu ya kilima nje kidogo ya mji, kuna mti wa Nakayima. Ni mkubwa kuliko picha zake, unakaribia mita 40, mizizi imesimama kama kuta na kati yake kumetokea vyumba, kila chumba kina mzimu wake, watu wanakaa humo wakiomba, moshi unafuka, sarafu na buni za kahawa ziko chini. Nakayima alikuwa kuhani wa Ndahura, Mchwezi anayehusishwa na ndui, na wafalme walituma watu kuomba hapo. Wenyeji wanasema mti una zaidi ya miaka 400.

Kula. Hapa barabara hii inazidiwa. Kuna mahindi, gonja, samaki wa Wamala, hoteli za kawaida Mityana na Mubende zenye matooke na maharage, lakini ile shangwe ya Lukaya au Namawojjolo hamna. Mkiwa na watoto fungeni chakula.

Pesa na usafiri. Taksi za Mubende zipo, juu kilimani ni boda. Mafuta ya gari lako yatakuwa mengi kuliko Masaka au Jinja lakini viingilio vyenyewe ni vidogo. Bebeni noti ndogo ndogo, kuna wa kuongoza na kuna wa sadaka.

Angalieni. Miiko ni ya kufuatwa kama ilivyo, sio ya kujadiliwa pale. Viatu vinavuliwa, akina mama wanavaa sketi au wanajifunga leso, picha ni kwa ruhusa, na usimpige picha mtu aliye kwenye maombi hata kama mlinzi ameruhusu mti. Kama imani yako haikuruhusu kukaa mahali pa mizimu, ni heri usiende kuliko kwenda ukawakemea watu kwao. Ttanda mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote, mashimo mengine yamefichwa na majani, na msitembee bila mwenyeji. Mvua ikinyesha kilima cha Mubende kinateleza.

Inamfaa nani. Watu wazima wanaopenda masimulizi, wanafunzi wa historia na dini, walioshamaliza ikweta na Jinja, na kundi dogo. Basi la watu 40 wenye haraka sio hapa.

BARABARA YA BOMBO NA NAKASONGOLA

Njia na muda. Bwaise na Kawempe ndio kikwazo, ukishaipita Matugga barabara inafunguka. Bombo kama kilomita 35, Luweero mbele yake, na faru wa Ziwa, ambalo ni jina la hifadhi yao, wako Nakasongola, kama 175 kutoka Kampala kisha mnakata kushoto kilomita chache.

Vituo. Bombo wengi wanaijua kwa kambi ya jeshi, lakini ndio nyumbani kwa Wanubi, uzao wa askari wa Kisudani wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Equatoria kaskazini, ambao Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwaleta huku 1891. Kiswahili na Kinubi utavisikia madukani, na akina mama wanasuka vyombo vya rangi rangi vinavyopendeza sana mezani. Kwa msemaji wa Kiswahili aliyechoka kuulizwa Kampala kwa nini haongei Luganda, nusu saa ya kukaa na chai Bombo inatia moyo.

Luweero ni nzito. Vita vya 1981 mpaka 1986, kati ya waasi wa Museveni na serikali, viliua watu wengi huku, na vilipoisha mafuvu yaliwekwa kando ya barabara watu wayaone, baadaye yakazikwa kwenye makaburi ya pamoja ambayo yako sehemu mbalimbali. Simama kwa heshima, usipige picha za kuchekelea, na usimhoji mtu kuhusu ndugu zake kama yeye hajaanza.

Ziwa ni furaha upande wa pili. Faru waliisha kabisa porini Uganda mwanzoni mwa miaka ya 80, na hapa ndipo walipoanza kurudishwa, wanne kutoka Kenya 2005 na wawili kutoka Marekani 2006. Wa kwanza kuzaliwa alikuja 2009, baba wa Kenya na mama wa Marekani, wakamwita Obama. Mnatembea kwa miguu na askari wa wanyama mpaka mnawaona, mko kimya, mnasikia wakitafuna majani. Mtoto wa Kampala aliyemwona faru kwa simu tu, hiyo siku haisahau.

Kula. Mananasi ya Luweero, maziwa na mtindi kwenye miji ya wafugaji mbele huko. Nyama choma ipo lakini sio ya kusafiria.

Pesa na usafiri. Hii ndio ghali, kiingilio cha faru ni kikubwa kuliko vyote nilivyotaja na mafuta ni mengi. Kwa mabasi ya Gulu mnaweza kushuka mkachukua boda ila kurudi jioni kuna wasiwasi.

Angalieni. Bombo usielekeze kamera upande wa kambi, hata kwa bahati mbaya. Faru wanahitaji viatu vilivyofungwa na suruali ndefu, na ulizeni mapema kuhusu umri wa watoto wanaoruhusiwa kutembea.

Inamfaa nani. Waliojipanga kipesa, wenye watoto wakubwa, na mtu anayetaka vitu vichache kwa kina.

KWA HALI YAKO SASA

Una nusu siku tu na unataka kuwa nyumbani saa nane: Masaka, ishia ikweta, simama Mpambire ukirudi, acha Lukaya. Au Jinja, ishia Ssezibwa na Mabira bila kufika mjini, ambayo watu wengi hawaifikirii na ni siku nzuri sana.

Una mzee: Jinja. Boti ina kiti, mji ni tambarare, vyoo vipo. Mubende mpeleke kama yeye mwenyewe ndiye aliyeomba, na hapo mpe siku nzima, atakuwa yeye ndiye mwongozaji wenu.

Huna gari: Jinja kwanza, Masaka pili. Mubende inawezekana mkitoka alfajiri na mkichagua kati ya Ttanda na Nakayima, sio vyote. Faru subiri upate wa kuchangia gari.

Watoto chini ya miaka saba: ikweta. Zaidi ya kumi na wana maswali mengi: Ttanda, na wasimulieni Kintu na Nambi kwenye gari kabla ya kufika ili watambue wenyewe.

Mgeni wa kutoka pwani ya Kenya au Tanzania: mkiwa na siku mbili mpeni Masaka siku moja kwa ajili ya Lukaya, na Jinja siku nyingine kwa ajili ya Bombay. Mkiwa na moja, muulizeni wazee wao walipigana 1979 au la, wa Tanzania wengine wana mjomba aliyekuja na jeshi, na jibu lake litawachagulia.

Kundi la kanisa au la kazini kwenye basi: Namugongo mpaka Jinja linabeba watu wengi bila kugombana na mahali. Kundi la marafiki watano wanaopenda kula: Lukaya, na mmoja asiyekunywa ndiye aendeshe kurudi kupita Lwera kabla giza halijaingia.

Na kama imenyesha usiku kucha, achaneni na kilima cha Mubende na ulizieni Katonga, nendeni Jinja, lami mpaka mwisho, na Mabira baada ya mvua ni nzuri kuliko siku ya jua.